Mjomba kaoveholi injini ya Land Rover, moshi wa bluu umerudi

SWALI

Shikamoo mzee. Naomba unisaidie kabla sijakosana na mjomba wangu.

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III, 109 ya petroli, yenye ile injini ya lita 2.25. Mwaka juzi ilichemka ikipanda kutoka Mto wa Mbu, gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, ikaungua. Mjomba ndiye fundi wa ukoo wetu, gari hili amelihudumia tangu sisi wadogo. Alishusha hedi, tukaipeleka karakana ya mashine mjini. Huko uso ulichongwa, zikawekwa gaidi mpya zote nane, yaani vijibomba vinavyoongoza valvu, na siti, pale valvu inapokalia ikifunga, zikakatwa. Valvu za kuvuta tulinunua mpya, za ekzosi zilisagwa zikarudishwa. Mjomba alipokuwa anafunga aliweka na sili za valvu za gari nyingine upande wa kuvuta, za mpira zenye springi ndogo ya kubana, akasema hapo oili haitapita tena.

Gari lilitulia miezi kadhaa. Halijafika hata kilomita 12,000 tangu oveholi, moshi wa bluu ukaanza. Asubuhi nikiwasha unatoka kama dakika moja, kisha unakata. Nikishuka ule mteremko wa Mto wa Mbu na gia ya pili bila kukanyaga mafuta, nikifika chini nikakanyaga, gari la nyuma halinioni. Cha ajabu, kupanda na mzigo moshi hautoki. Oili inapungua kila wiki.

Tumepima kompresheni, silinda zote nne zinakaribiana. Mjomba ameshusha hedi tena. Valvu za kuvuta zinacheza ndani ya gaidi mpaka unaona kwa macho. Za ekzosi ziko imara. Nimeona pia kwamba ncha za mashina ya valvu za kuvuta zina alama inayong'aa, haiko katikati, imekaa karibu na ukingo. Mjomba ameshang'oa gaidi moja ya kuvuta na ameagiza seti nyingine. Yeye analaumu petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi. Fundi wa mashine analaumu gaidi, anasema tulinunua feki. Mimi nahofu tutafunga hizo mpya na zitakufa vilevile. Nifanyeje, na nimwambieje mjomba bila kumvunjia heshima?

Msomaji, Karatu

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma, mpigie mjomba simu umwombe asiguse gaidi nyingine. Zimebaki tatu za kuvuta ndani ya hedi, na hizo tatu ndizo zitakazowaambia kilichotokea. Ile iliyong'olewa tayari imepoteza nusu ya habari yake, kwa sababu hamjui tena upande wake upi ulitazama roka, ule mkono unaoisukuma valvu, na upi ulitazama mbele ya gari.

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Gaidi ikilegea, mtu anaitoa, anaitupa, anaweka mpya. Gaidi haifi haraka hivyo yenyewe. Ni bomba fupi la chuma, kazi yake kuliongoza shina la valvu lipande na kushuka bila kuyumba, na kwenye injini ya mwendo wa taratibu kama hiyo inapaswa kwenda miaka mingi. Ikiisha ndani ya kilomita 12,000 kuna kitu kinaila, na kitu hicho bado kipo kwenye injini yako kinaisubiri seti mliyoagiza.

Tuanze na moshi, maana umeueleza vizuri kuliko mafundi wengi. Ukishuka mlima kwa gia huku umeachia mafuta, kabureta imefunga na pistoni zinavuta kwa nguvu. Mvuto ndani ya manifoldi, bomba la kupitishia hewa kwenda kwenye silinda, unakuwa mkali sana, na kama gaidi za kuvuta zimelegea, oili iliyoko juu ya hedi inanyonywa kupitia pembeni mwa shina. Inakusanyika. Ukikanyaga kule chini, inaungua yote kwa mkupuo. Usiku nao oili inateremka polepole kwenye shina, ndiyo ile dakika moja ya asubuhi. Ringi za pistoni zilizochoka zina tabia nyingine: zinatoa moshi gari likiwa kazini, likipanda na mzigo, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma unakuta inapumua mvuke kwa nguvu. Wewe huna moshi wa kupanda, na kompresheni inalingana. Ringi ziacheni. Namba za kompresheni zikiwa chini kidogo ya zile za kitabu msishtuke, Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yenyewe ni nyepesi. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Sasa petroli. Mjomba hakulitoa hewani, risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani ilikuwa na faida kwa injini za chuma kama hiyo. Lakini faida yake kubwa ilikuwa kwenye siti za ekzosi, ambako joto ni kali na utando wa risasi ulizuia chuma kugusana na chuma. Nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo Land Rover ya baba imekunywa petroli hiyohiyo muda mrefu kabla ya oveholi hii. Tena ugonjwa wa kukosa risasi una dalili yake: siti ya ekzosi inaliwa, valvu inazama ndani ya hedi, na nafasi ya tapeti, ule upenyo kati ya roka na ncha ya valvu, inazidi kubana. Kwenye injini yako nafasi hiyo ni 0.25 mm kwa valvu zote nane. Mjomba bila shaka anaijua kanuni ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa unarekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka unarekebisha ya 3, kila mara jumla iwe 9. Muulize kama tapeti za ekzosi amekuwa akizikuta zimebana kila anapopima. Kama hapana, petroli haihusiki. Na ukumbuke valvu zako za ekzosi ziko imara, zinazoyumba ni za kuvuta, upande wa baridi.

Kuhusu feki, inawezekana. Chuma laini kinaisha upesi. Ila chuma laini kikiisha, huisha pande zote, hakichagui upande. Ndiyo maana nataka mpime.

Chukueni hedi, muiweke juu ya meza safi. Chukua kalamu ya maka, weka alama kwenye hedi penyewe kuonyesha mwelekeo wa roka, yaani ule mstari ambao roka husukumia, na mwelekeo wa shafti inayobeba roka, unaokwenda mbele na nyuma ya gari. Halafu tafuteni geji ya matundu madogo na mikromita. Kama mjomba hana, karakana ya mashine wanazo, lakini nenda usimame pale wakipima. Kila gaidi ipimwe juu, katikati na chini, na kila mahali ipimwe mara mbili: kufuata roka, kisha kufuata shafti. Andika namba kwenye daftari. Mashina nayo yapimwe kwa mikromita palepale panapopita ndani ya gaidi. Ukipata valvu moja mpya kabisa, iingize kwenye gaidi kuukuu, iinue kama milimita 10 kutoka kwenye siti, uitikise. Ikitulia, aliyekwisha ni shina. Ikiyumba kama ile ya zamani, ni gaidi.

Kwa mashina ya unene wa milimita 8 hivi, kama hayo ya kuvuta, nafasi nzuri kati ya shina na gaidi ni kati ya 0.03 na 0.06 mm. Zako zitakuwa zimepita hapo mbali, hilo halina ubishi. Ninachotafuta ni umbo. Gaidi ikiwa imepanuka kufuata roka kuliko kufuata shafti, tuseme kwa 0.05 mm, hasa juu na chini huku katikati pakiwa pazima, basi kuna kitu kinalisukuma shina pembeni kila valvu inapofunguka. Ikiwa imepanuka duara, sawasawa, na ndani kuna mikwaruzo ya kijivu ya kwenda juu na chini, tafuteni vumbi au mchanga. Ikiwa chuma kimeparuka na kuganda kwenye shina, ilikosa oili au ilibanwa mno tangu mwanzo.

Mimi nategemea mtakuta ile ya kwanza, ikichanganyika na ya tatu. Sababu ni ile alama uliyoiona.

Roka inaposhuka, haisukumi chini moja kwa moja. Ncha yake inakwenda kwa upinde, kwa hiyo inasugua kidogo juu ya ncha ya shina, kwenda na kurudi. Mambo yakiwa sawa, msuguo huo ni mfupi na umekaa katikati ya ncha, na alama inayong'aa inakuwa mstari mwembamba katikati. Yako imehamia ukingoni. Maana yake roka inalisukuma shina kwa pembeni kwa nguvu ya springi nzima, mamia ya mara kwa dakika, na anayeupokea msukumo huo ni gaidi.

Kwa nini imehamia? Hapa nitawatetea waliochonga uso wa hedi. Watu wengi wakiona roka imekaa vibaya wanasema hedi ilichongwa sana. Kwenye injini hii roka zimefungwa juu ya hedi yenyewe, na valvu zimo humohumo, hivyo ukichonga uso wa chini, roka na valvu vinashuka pamoja na uhusiano wao haubadiliki. Kinachobadilika ni upande wa pushirodi, ile fimbo inayoisukuma roka kutoka chini, na huko skrubu ya tapeti inafidia. Wa kumtazama ni aliyekata siti. Siti za kuvuta zikikatwa kwa kina, labda zilikuwa na mashimo ya kutu akataka kuyamaliza yote, valvu inazama kuelekea juu na ncha ya shina inachomoza zaidi chini ya roka. Roka inaanza kazi ikiwa imeinuka kuliko ilivyokusudiwa, na msuguo unakuwa mrefu na wa ukingoni. Valvu mpya zikiwa ndefu kuliko za asili, matokeo ni yaleyale, kwa hiyo laza valvu mpya sambamba na moja ya zamani kama bado ipo.

Kina hicho kinapimika. Kwa kalipa pima kutoka pale springi inapokalia mpaka ncha ya shina, valvu ikiwa imefungwa. Linganisha na hedi ambayo haijaguswa. Injini ya 2.25 ilianza 1958 na Series II ikaendelea mpaka Series III ilipokoma 1985, na mkoa wenu ndio mahali pa kuipata. Lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 lilionyesha magari haya yalivyo mengi bado. Tafuta mwenye hedi ya zamani iliyo nje, mwombe akuruhusu kupima. Ni kazi ya robo saa.

Mkiwa hapo geuzeni roka zenyewe mtazame uso unaogusa valvu. Kama umechimbika, pitisha kucha utausikia ukingo wa shimo. Roka ya namna hiyo inaleta hasara mbili: inalivuta shina pembeni, na inaidanganya fila geji, ile ya kupimia nafasi, maana karatasi ya geji inalala juu ya kingo za shimo wakati ncha ya shina iko ndani yake. Unaweka 0.25 mm, kumbe nafasi halisi ni kubwa zaidi, na injini inagonga.

Halafu zile sili. Najua mjomba aliziweka kwa nia njema, lakini zinanisumbua, kwa sababu zimewekwa upande wa kuvuta tu na ni upande huo tu uliokufa. Gaidi inahitaji oili kidogo. Sili ya gari nyingine yenye springi ya kubana, hasa kama tundu lake ni dogo kuliko shina lako, inalifuta shina mpaka linakauka. Shina linalosukumwa pembeni na huku halina oili litamaliza gaidi yoyote, iwe feki iwe halisi. Injini yako ina sili zake za asili, laini zaidi, tumieni hizo. Kagueni pia kama ile sahani inayoshika springi haigongi juu ya sili valvu inapofunguka mwisho. Sili iliyogongwa utaiona imepasuka au imebonyea.

Vumbi sijalisahau, nani atalisahau katika barabara zile. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda kabureta. Kikitoka na vumbi laini jekundu, chujio linapitisha, na pamoja na gaidi angalieni bomba lenyewe kama halijapasuka. Ila vumbi lingekula na ringi, na kompresheni yako inasema halijafika huko. Ulizeni vilevile kama karakana ilisafisha hedi kwa kupulizia mchanga. Wengi hufanya hivyo, na punje zikibaki kwenye vijia vya oili zinasaga kila kitu. Safari hii hedi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, brashi ipite ndani ya kila tundu, kisha ipulizwe kwa hewa.

Mkishajua ugonjwa, matibabu yana utaratibu wake na utaratibu huo haupinduliwi. Roka zilizochimbika zibadilishwe. Siti zilizozama zipachikwe mpya, na zikija kukatwa zikatwe kwa kipimo ili ncha za mashina zirudi kwenye kimo chake. Kuna atakayewashauri kuinua shafti nzima ya roka kwa kuweka vipande vya bati chini ya nguzo zake. Kataeni. Mtatengeneza upande wa kuvuta na kuharibu wa ekzosi, ambao hauna tatizo. Gaidi ziingizwe wima, zote kwa kina kimoja, ndipo zipitishiwe rima, kile chombo cha kupanua tundu, kupata nafasi sahihi. Siti hukatwa mwisho, baada ya gaidi, kwa chombo kinachoongozwa na tundu la gaidi hiyohiyo. Siti ikikatwa kwanza, tundu na siti havitakuwa na kitovu kimoja, na kila valvu inapofunga itapinda kidogo ili ikae. Hilo nalo linaua gaidi, tena bila kelele. Mtalijua kwa kusaga valvu kidogo kwa grisi ya kusagia: mkanda wa kijivu uwe na upana sawa kuizunguka valvu yote. Ukiwa mpana huku na mwembamba kule, rudisheni kwa fundi wa mashine.

Kabla ya kuwasha, toeni plagi, acheni kifuniko cha roka wazi, mzungushe injini kwa stata mpaka muone oili inachuruzika kutoka kwenye roka zote nane. Roka moja ikibaki kavu msiwashe. Shafti ikifungwa imegeuka, matundu yake hayakutani na njia ya oili, na hilo ni kosa linalowapata hata wenye uzoefu.

Nimebakiza mjomba. Usiende kwake na makala hii mkononi kama mtu aliyebeba barua ya wakili. Amelitunza gari la shemeji yake miaka yote hiyo, na kwa jinsi unavyoeleza alipima kompresheni kabla ya kufungua injini, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mwendee asubuhi kabla kazi hazijamzidi, umwambie, "Mjomba, kabla hatujazitoa hizi gaidi naomba unifundishe kuzipima, nami nijue." Hutakuwa umedanganya, maana kweli unahitaji kujua, gari hilo litakuwa mikononi mwako baada yake. Yeye ashike mikromita, wewe uandike. Namba zikionyesha gaidi imeliwa upande wa roka ataona mwenyewe kabla hujafungua mdomo, kwa kuwa ni fundi. Sili ziache azitaje yeye. Asipozitaja, uliza kama mwanafunzi: "Na hizi zilikuwa zinabana kiasi gani?"

Mwenye kudaiwa maelezo ni karakana iliyokata siti. Mjomba awe mbele, wewe nyuma yake, mwende na daftari lenu la vipimo. Msipeleke lawama za feki na petroli, mtazungushwa siku nzima. Wekeni hedi mezani na muulize jambo moja: siti za kuvuta zilikatwa kwa kina gani, na zilikatwa kabla au baada ya gaidi kuingia?

Na ile seti mliyoagiza msiirudishe, mtaihitaji. Iacheni ndani ya boksi mpaka vipimo vipatikane. Ukivipata, niandikie namba za gaidi zote tatu pamoja na kimo cha ncha za mashina, nitakuambia kama kweli mnahitaji siti za kupachika au mnaweza kuepuka gharama hiyo.